Mbwa Wote wa Daftari Langu

Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliandika mbwa. Sikuwa na mbwa wa kufuga, na wala siwapendi hasa. Niliandika mbwa waliomo midomoni mwa watu: mtu aliyefukuzwa kama mbwa, aliyepigwa kama mbwa koko, aliyezikwa kama mbwa, anayehema kama mbwa, mwenye usingizi wa mbwa, aliyefyata mkia mbele ya wakwe zake. Niliwaandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, kwa kalamu ya bluu, na sikuweza kuvumilia neno lililofutwa. Nikikosea, nachana ukurasa wote naanza upya. Ukurasa wa kwanza niliunakili mara saba.

Nilisoma mpaka kidato cha nne na matokeo yangu siyasemi. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia maandazi na kwa kamusi niliyoipata mnadani Kahama, ambayo kurasa zake za mwisho zilishanyofolewa. Mtu aliyejifundisha peke yake ana woga wa namna yake. Hajui ni wapi hajui. Anaweza kuandika barua nzima kumbe kosa liko mstari wa kwanza na kila msomaji analiona isipokuwa yeye. Nikajiambia nichague kitu kimoja kidogo, nikijue chote, nikikamilishe mpaka asitokee mtu wa kunicheka. Nikachagua mbwa kwa sababu alikuwa kila mahali. Nyumbani kwetu, jirani na Kolandoto, mama akikasirika anakiacha Kiswahili anarudi kwenye Kisukuma, na huko nako mbwa anamtangulia. Nilipohamia Nyarugusu kuishi na kaka yangu mchimbaji, nikamkuta mbwa huyohuyo kwenye Kiswahili cha watu wa mikoa yote.

Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu na tochi za kichwani kwa umeme wa jua. Wateja hukaa kwenye benchi langu wakingoja, na wakingoja husema. Mama mmoja alisema mumewe ni mbwa wa kila mwenye mfupa, nikaandika. Kijana mmoja alisema mapenzi yamemfanya azunguke mji kama mbwa asiye na kwao, nikaandika. Mchimbaji akimsifu mwenzake kwamba ana pua ya mbwa, anautambua mwamba wenye dhahabu kabla haujapondwa, hiyo niliiandika na kuichorea nyota pembeni, kwa kuwa ilikuwa sifa, na sifa zilikuwa chache mno.

Lakini maneno matupu hayakunitosha. Niliona msemo usio na msemaji ni nusu ya msemo. Kwa hiyo chini ya kila mbwa niliandika nani kasema, kamsema nani, wapi, na waliosikia walifanya nini. Majina sikuyaandika. Nilidhani hapo nimemaliza adabu yote inayotakiwa. Kumbe machimboni huhitaji jina la mtu. Ukiandika "mshika winchi wa duara la kaka," umeshamwandika mtu mmoja tu duniani.

Duara ndilo shimo la kuchimbia. La kina kaka lilikuwa limeshuka sana, lina giza tangu hatua chache za mwanzo, na wachimbaji walishushwa mmoja mmoja kwa kamba iliyozungushwa kwenye winchi ya mti. Mchimbaji anatia mguu kwenye kitanzi, anakumbatia kamba, na kuanzia hapo uhai wake uko kwenye mikono ya anayeshika winchi. Yule wa kwao alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mtu mzima wa makamo, mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Kaka alizoea kusema kwamba kwa mikono ya yule baba angeweza kushuka amelala.

Na bado ni kaka huyohuyo aliyesema jioni moja, tukila ugali na dagaa, mdomo umejaa: "Yule ni mbwa wa tajiri. Tajiri akikohoa tu, yeye mkia unatingishika. Leo tumedai matimba mapya ya kuzuia kuta, wote tumesimama pamoja, yeye akageuka akaangalia miguu yake. Mbwa kabisa."

Tajiri ni mwenye duara. Nilicheka, kwa sababu kaka aliigiza ule mkia kwa kiuno chake mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda. Kisha nikachukua kalamu. Niliandika yote, mpaka kile kiuno. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko zote, sikukosea hata herufi moja.

Siku iliyoniharibia, mchana, nilitoka kibandani kwenda kufuta vumbi kwenye paneli ya sola iliyokuwa nyuma. Sikukaa muda mrefu. Niliporudi, mshika winchi alikuwa amekaa kwenye benchi, simu yake mkononi, na kaunta buku langu limefunguliwa mapajani. Nilikuwa nimeliacha wazi ili wino wa ukurasa mpya ukauke, naye akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

Hakuinua uso. Alikuwa anasoma kwa kidole, polepole, kama watu wazima wanavyosoma misale kanisani. Nilitamani kuamini kwamba yuko ukurasa mwingine, lakini niliujua ukurasa ule kwa sura yake. Kidole kikafika chini. Kikarudi juu. Akasoma tena.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. "Hauna kosa."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka yote. Ilipokuja, nikaanza kujitetea.

"Baba, mimi ninaandika tu misemo. Ya watu wote. Angalia kurasa nyingine, kuna mbwa wa kila namna."

"Nimewaona. Kwetu Ushirombo baba yangu alikuwa na mbwa analala mlangoni mwa zizi. Fisi hakuingia miaka yote aliyoishi. Huyo humu hayumo."

Alifunga daftari, akaliweka kwenye benchi upande wake, akanipa simu. "Ichaji. Nitaifuata jioni." Akainuka akaenda. Hakugombana nami, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayebweka unajua yuko wapi.

Jioni ile hakuja kuifuata simu. Kaka alirudi na vumbi jeupe kichwani, akaoga, akala, akaniuliza mbona nimekuwa bubu. Sasa nikiri jambo ambalo ndilo linaloniaibisha kuliko daftari lenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikuwa mbele yangu, tumbo limejaa, ana utani. Ingetosha kusema: kaka, yule baba amesoma ulichomsema. Maneno matano. Lakini nilitaka kuyasema vizuri. Nilitaka aelewe kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba kosa ni langu, ila si langu peke yangu, na kwamba asinichukie. Basi nikasema nitamwandikia. Nilichukua karatasi nikaanza. Mstari wa pili haukunipendeza, nikachana. Nikaanza tena. Kaka akapanda kitandani, akanicheka: "Mwandishi, kesho utatuandikia na sisi tulioko chini." Nilipofika karatasi ya nne, yeye alikuwa anakoroma.

Asubuhi nilikuwa na karatasi ya sita mfukoni na tochi zao shingoni. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku, kuwapelekea tochi zilizojaa chaji kabla hawajashuka. Mimi nilikomea kwenye kifusi, lile tuta la mawe yaliyotupwa, kwa sababu mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia. Mmoja wao huja kuzichukua tochi, nami hubaki pale nyuma ya tuta mpaka wa mwisho ashuke.

Duara lile lilikuwa na desturi yake. Msimamizi wao, Muha mmoja mcheshi mwenye kofia ya kuswalia, huweka ndoo ya maji chini asubuhi na kuuliza, "Nani ana neno?" Mwenye kinyongo na mwenzake hulisema pale, akachukua maji mdomoni, akayatema chini. Asiye na neno hutema bila kusema. Baada ya hapo hakuna kinyongo, na kama kipo, mwenye nacho hashuki na hashiki kamba. Desturi hiyo aliileta mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa msimamizi kabla yake, na waliokuja baadaye, Wakristo na Waislamu, wakaifuata bila ubishi. Chini ya ardhi mtu hataki kubishana na kitu kinachomrudisha juu.

"Nani ana neno?" Msimamizi aliuliza.

"Mimi ninalo," akasema kaka. "Nani kala karanga zangu jana?"

Wakacheka. "Ulikula mwenyewe, mlafi wewe, kama mbwa wa msibani."

Kwa mazoea mkono wangu ulienda kutafuta kalamu. Nikauzuia.

Kaka akatema maji. Msimamizi akatema. Mshika winchi alichukua maji, akakaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko wengine wote, mashavu yametuna, akiangalia kifusi, akiniangalia mimi. Kisha akayatema. Hakusema neno.

Nilijua kwamba ametema uongo. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua. Ningeweza kupiga kelele. Karatasi ilikuwa mfukoni na hata hivyo nilikuwa nawaza kwamba kwenye mstari wa tano nimerudia neno "kwa kweli" mara mbili. Wakati nawaza hilo, kaka alitia mguu kwenye kitanzi, akawasha tochi, akazama. Nikaona kofia yake, kisha mkono, kisha kamba tu.

Winchi ililia. Msimamizi alikwenda upande wa pili kuangalia pampu ya maji. Pale mdomoni akabaki mshika winchi peke yake, na kamba ikawa inapungua kidogo kidogo kwenye gogo la winchi.

Nikapanda kifusi. Nikashuka upande wa pili.

"Rudi nyuma," akasema, bila kugeuza kichwa. "Unajua mwiko."

"Baba, nina maneno. Siwezi kuyasema kutoka kule."

"Kwa nini?"

"Watu watasikia."

"Yale mengine uliyaandika yasisikike?"

Mikono yake haikusimama. Nilikuwa naiangalia mikono, si uso. Kila gogo lilipozunguka nilihesabu, kisha nikapotea, nikaanza upya. Nilitoa karatasi.

"Usinisomee," akasema. "Rudi kule ukaseme."

Nilirudi kwenye kifusi. Nikasimama juu yake, ambako wa pampu na wa karasha, mashine ya kupondea mawe, na wauza chai wote waliniona, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua. Niliyosema hayakuwa na mpangilio. Nilisema kaka alimwita yule baba mbwa wa tajiri. Nilisema mimi nilicheka. Nilisema niliandika kila kitu, na kwamba baba huyu amesoma jana kibandani kwangu, na sikumwambia kaka, na leo baba ametema maji akiwa na neno tumboni, na kaka yuko kwenye kamba yake. Nilirudia sehemu nyingine. Niliruka sehemu nyingine. Nadhani nililia katikati, sikumbuki vizuri.

Msimamizi alikuja mbio kutoka kwenye pampu. Winchi ilisimama.

Kamba ilikuwa imekazwa, imenyooka kuingia gizani, na mwisho wake alikuwa kaka anayening'inia bila kujua kwa nini ameachwa katikati. Sauti yake ikapanda kutoka chini, nyembamba: "Vipi huko juu? Mmekwenda kunywa chai?"

"Ni kweli?" Msimamizi alimuuliza mshika winchi.

"Ni kweli."

"Na umetema maji?"

"Nimetema."

"Mzee mwenzangu." Msimamizi alivua kofia akaishika mkononi. "Mzee mwenzangu, tuchukue wote winchi, tumpandishe kijana wa watu."

"Nampandisha mwenyewe. Nimemshusha mwenyewe."

Msimamizi hakumzuia, ila alisimama karibu naye, mkono mmoja kwenye gogo. Winchi ikaanza kulia tena. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mawe. Kichwa cha kaka kilipotokea, uso umekunjamana kwa mwanga, mshika winchi alimshika chini ya kwapa, akamvuta mpaka miguu ikakanyaga ardhi, kama siku zote. Ndipo akauachia mpini, akarudi hatua mbili.

"Ulisema mimi ni mbwa wa tajiri," akamwambia.

Kaka alimwangalia. Akaniangalia mimi juu ya kifusi. Nilimwona akielewa, na sitamani kuiona sura ile tena.

"Nilisema," akajibu.

"Mimi leo sishiki kamba yako tena. Si kwamba nitakuangusha. Ila nilipokushusha nilijisikia nikiwaza kwamba ninaweza. Mkono uliowaza hivyo siuamini." Akachukua shati lake kwenye nguzo akaondoka.

Siku mbili kaka hakushuka. Kulikuwa na mtu mwingine wa kushika winchi, lakini kaka alisema kamba ya yule mtu inashtuka. Alikaa nyumbani, hakunipiga, hakunitukana. Nilimwomba msamaha mara nyingi sana, kila mara kwa maneno yaliyonyooka zaidi, mpaka akaniambia, "Inatosha. Ukiendelea nitaona unafanya mazoezi." Jioni ya siku ya pili alivaa shati safi akaenda nyumbani kwa yule baba. Sikujua walizungumza nini. Aliporudi alisema tu kwamba kesho asubuhi nipeleke tochi kama kawaida, na nisilete karatasi.

Asubuhi ndoo ilikuwa chini. Mshika winchi alikuwepo, amesimama mbali na winchi. Msimamizi akauliza nani ana neno, na safari hii hakuna aliyetania.

"Mimi ninalo," akasema mshika winchi. Alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye kifusi, nami nilielewa kwamba alitaka ifike. "Mke wangu aliposhikwa na uchungu, usiku wa mvua, tajiri ndiye aliyetutia kwenye gari lake mpaka mjini Geita. Alikaa na mimi kwenye benchi ya hospitali mpaka kulipokucha. Mama alipona, mtoto hakupona. Tangu hapo siwezi kumkatalia yule mtu mbele za watu. Akikohoa nageuka, kweli. Hata juu ya matimba niliangalia miguu yangu, na nilijua nakosea. Kama huo ni mkia, ninao." Akamnyooshea kaka kidole. "Angenisema mwingine ningecheka. Huyu alikuwa ndani ya gari lile. Alimshika mke wangu kichwa njia nzima. Anajua kwa nini namfuata, na bado alimchekesha dada yake kwa kiuno."

Kaka hakuinua uso. "Nilikuwa najua," akasema. "Nilisema nikijua. Nilikuwa na hasira ya matimba, nikachukua neno lililo karibu." Akachukua maji, akatema.

"Na matimba," akasema mshika winchi, "leo nitamwambia mwenyewe. Mniangalie nikimwambia." Akachukua maji. Hakukaa nayo. Akayatema.

Nilidhani yamekwisha, lakini aliinua ile ndoo kwa mkono mmoja, akaja nayo mpaka kwenye kifusi, akaiweka chini upande wangu.

"Na wewe," akasema.

"Niseme nini, baba?"

"Sijui. Mwandishi ni wewe."

Wote walikuwa wananingoja. Nilitafuta sentensi na kila niliyoipata ilikuwa na kasoro. Mwisho nikasema, "Niliona uzuri wa ukurasa, sikuwaona nyinyi." Haikuwa sawasawa. Nilipotaka kuirekebisha aliniashiria kwa kidevu: maji. Nikachota kwa kiganja. Yalikuwa na ladha ya vumbi na plastiki. Nikatema, na mengine yakanimwagikia kwenye gauni.

Akarudisha ndoo, akapaka mikono vumbi, akashika mpini. Kaka akatia mguu kwenye kitanzi. Wakaangaliana, na kaka akazama. Kutoka kule nyuma sikuona chochote ila mgongo wa yule baba ukiinama na kuinuka. Winchi ililia kwa muda ambao sikuweza kuupima, kisha ikanyamaza.

"Amefika," akasema, bila kugeuka.

"Una uhakika, baba?"

Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliinama juu ya shimo, akasikiliza, akangoja, kisha akaniambia mara ya pili, polepole, kwamba amefika.